Barua ya Marehemu Mwaba

Mwanangu Jeannot anasoma seminari kubwa, na likizo hii amerudi mtaani kwetu Kamalondo akiwa na jambo linalomsumbua. Alizunguka nalo jikoni kwangu asubuhi nzima, akifunua sufuria bila sababu, mpaka nikamwambia akae. Ndipo akanong'ona kwamba mwalimu wao amesema wako wataalamu wanaoona barua ya pili ya Petro haikuandikwa na Petro. Iliandikwa Petro akiwa amekwisha kufa, na aliyeiandika akaweka jina la Petro juu. Akaniangalia kama mtu anayengoja mama yake azimie.

Nikacheka. Kisha nikalia kidogo, naye akashindwa kunielewa. Nilikuwa nimemkumbuka Ngosa.

Kamalondo ya ujana wangu haikuwa hii ya leo yenye baa kila kona. Jioni wanaume wakitoka kiwandani na kwenye reli walinawa, wakavaa shati safi, wakaja uani kwetu kwenye mafundisho. Baba yangu, Alexis Mwaba, alikuwa katekista. Alitoka Luapula kwa miguu, na kalamu ilimpa tabu. Alichojua alikibeba kichwani na mdomoni. Nusu ya mtaa ilifika kwenye ubatizo kwa mdomo ule. Kabla ya sisi kuzaliwa alikaa Kambove, migodini, akawakusanya Wakristo wa kule mpaka wakajenga kanisa dogo la mabati. Nilimpenda baba yangu kupita kiasi, nasema wazi, na kuna siku napepeta unga nikaisikia sauti yake.

Jioni moja fundi cherehani wa jirani, Mprotestanti aliyependa uchokozi, alisimama mlangoni.

"Baba Mwaba, Petro alikuwa muvuvi, hakusoma. Barua ya Kigiriki aliandika namna gani?"

Watu wakacheka. Baba alijibu polepole kwamba hata Paulo alikuwa na mtu wa kumwandikia, Tersio, aliyepenyeza salamu zake mwenyewe katika barua kwa Warumi. Petro naye, katika barua ya kwanza, alimtaja Silvano.

"Na ile ya pili?"

"Ile ya pili sijui," Baba akasema. Ndivyo alivyokuwa. Asichokijua alikiacha pale pale, akaendelea na somo.

Alipofariki, ukoo ulikaa. Kwetu sisi watu wa Luapula, mtu akifa jina lake halizikwi naye. Ndugu wa damu huchaguliwa amrithi, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye. Tunaita kupyana. Padri wetu Mzungu alikubali, kwa sharti tu kwamba mama yangu mjane asirithiwe kama mke. Wakamchagua Faustin Ngosa, mtoto wa shangazi yangu, kijana wa karakana ya reli ambaye Baba alimfundisha na kumfanya msaidizi wake. Wakamkalisha mkekani, wakampa maji anywe, wakamfunga mkanda wa Baba. Wazee wenye mvi wakamsalimu, "Mwaba, umefika."

Mimi nilikataa. Ngosa huyu tulikua pamoja, akiniibia karanga na kunisingizia mbele ya shangazi, leo nimwite Baba? Mama alinikonyeza, wajomba wakanikemea. Nikaendelea kumwita Ngosa. Yeye hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniudhi zaidi.

Padri akampa ukatekista na ufunguo wa kanisa. Hakuna kitu alichokipenda kama kazi ile. Alikuwa akifundisha, anacheka palepale Baba alipokuwa akicheka, nami natoka nje nisisikie.

Kisha zikaja habari za Kambove. Wakristo wa kule walikuwa wamegombana, watu wa Luapula upande huu, watu wa kaskazini upande ule. Walikuwa wamegawana mabenchi, na hata msiba wa mmoja wengine hawakuuendea. Ngosa alikosa raha. Akaketi akaandika barua, akaipeleka kwa treni. Ilianza hivi: Mimi Mwaba, niliyewakusanya chini ya bati moja, nasikia mmeligawa.

Iliposomwa kanisani kule, watu walilia. Jumapili hiyo hiyo walipika pamoja. Wakamtuma mzee Chanda, kiongozi wao wa sala, aje kushukuru. Naye, kwa adabu, alipita kwanza kwa Padri na jogoo na kikapu cha karanga, akasema ni zawadi ya Baba Mwaba. Padri alimzika Baba kwa mikono yake mwenyewe. Unaweza kufikiri uso wake ulivyokuwa.

Mimi nilikuwa pale nikifua nguo za altare. Ngosa akaitwa.

"Barua hii ni ya nani?" Padri akamuuliza Chanda.

"Iko ya Mwaba, mon Père."

"Mwaba amekufa."

"Tunajua, mon Père. Tulikuya ku matanga yake."

Padri akamgeukia Ngosa. Hakuwa mtu mbaya, ila kwao jina ni la mtu mmoja, akifa nalo linafungwa. Alisema kutia jina la marehemu ni kughushi, na katekista hawezi kughushi. Jumapili, baada ya misa, Ngosa asimame mbele ya watu aseme barua ile ni yake, ya Faustin Ngosa, si ya Mwaba. Akikataa, arudishe ufunguo.

Wiki ile Ngosa hakula vizuri. Mama alimsihi aseme tu, neno moja, yaishe. Mimi nilidhani atasema. Ningekuwa mimi ningesema.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Chanda alikuwa amebaki, ameketi mbele. Ngosa akasimama, akaanza, "Barua ile…" Kisha akamtazama Padri.

"Njo miye niliandika, mon Père. Lakini ile maneno, Mwaba njo alinipatia, yote. Nikiandika pale Ngosa, nitakuwa mwizi. Nitamwiba mufu."

Padri alisubiri kidogo, nadhani alitamani asikie jingine. Ngosa akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza, akatoka.

Nilimkuta barabarani, amesimama kwenye jua kama aliyesahau nyumbani ni wapi. Watu walikuwa wakipita pembeni, wameinamisha macho, hawajui wamsalimu kwa jina gani. Nilikuwa nimejaa hasira, na hata sikujua namkasirikia nani. Kazi aliyoipenda kuliko zote ameiacha mezani, wakati neno dogo lingetosha kuibakiza. Baba yangu angefanya hivyo hivyo.

Nikamshika mkono.

"Baba," nikamwambia, "tuende ku nyumba."

Akajibu, "Tuende, mutoto yangu."