Steal 24: ripoti ya server ilivyomsimamisha kazi shemeji yangu huku Bugarama

Wakuu, habari za kwenu. Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, huwa nalike na kupita. Ila hili limenishinda kukaa nalo. Ni la kweli tupu, na mke wangu yuko pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni IT kwenye plant moja ya kuchenjua dhahabu huku Bugarama. Ni ya mtu binafsi, sio ule mgodi mkubwa mnaoujua. Na nikisema IT msifikirie ofisi ya vioo. Ni kontena lenye feni moja, na vumbi la karasha linaingia mpaka kwenye chai.

Karasha, kwa wageni, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ya kwetu inasimamiwa na shemeji yangu Kulwa, pacha wa mke wangu Dotto. Ndiye aliyenitafutia hii kazi. Tumepanga nyumba moja, milango inatazamana, mita ya umeme moja, LUKU.

Hiyo LUKU ikumbukeni.

Sasa mfumo wetu wa mizani unakaa kwenye server ya kukodi mtandaoni. Ukawa mzito balaa. Fuso inapanda mizani imejaa mawe, karani anabonyeza, kimya. Madereva wakawa wanatutukana kwa lugha zote za kanda ya ziwa.

Nikafunga monitoring nijue tatizo liko wapi. Na kwa kuwa napenda sifa, nikaiset ripoti iwe inadondoka kila asubuhi kwenye grupu la WhatsApp la uongozi. Nilitaka bosi aone kijana anachapa kazi.

Ripoti ya kwanza ikaja hivi:

user 11
system 4
idle 61
steal 24

Wanaojua haya mambo wameshaanza kucheka. Kwa wengine nifafanue: server ya kukodi ni mashine moja kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji wengi. Steal ni ule muda ambao server yako inataka kufanya kazi lakini processor iko bize na wapangaji wengine. Basi. Hakuna aliyeibiwa hata kijiko.

Bosi wetu, Baba Pendo, Kiingereza hakusoma. Ila neno steal, kuiba, analijua vizuri sana, maana lipo kwenye bango la getini, na bango alienda kulichagua mwenyewe Mwanza: STEALING WILL NOT BE TOLERATED.

Simu ikaita sijamaliza chapati. Ni bosi, na akiwaka huniita bebe, yaani wewe kwa Kisukuma.

"Bebe! Hii selva yako inasema stili ishirini na nne?"

"Shikamoo bosi. Ndiyo, lakini..."

"Njoo."

Nikakuta kikao kimeshajaa. Baba Pendo kasimama na simu mkononi, anasema robo ya mali yake inaondoka, na mashine haina mjomba wala shangazi, ikisema imesema.

Nikainuka nieleze. Nikataja hypervisor. Nikataja virtual machine. Kila nilivyoongea ndivyo watu walivyozidi kuniangalia kama nakwepa kitu. Mwisho nikasema, bosi, kitaalamu hii inaitwa noisy neighbour.

"Neighbour si ndiyo jirani?" akauliza.

"Ndiyo, bosi."

"Jirani yako nani?"

Wakuu, jirani yangu ni Kulwa.

Na noisy ni mwenye kelele, na Kulwa mwezi huo huo alikuwa amenunua subwoofer kubwa kama friji. Kila mtu pale alikuwa ameisikia. Mawe yote yanapitia kwake kwanza, na ana subwoofer. Ushahidi gani tena wanataka? Akasimamishwa kazi hapo hapo, mpaka stili iishe.

Nyumbani sasa. Dotto hakunipigia kelele. Akawa anaongea na ukuta. "Ukuta, chakula kiko jikoni. Ukuta, mtu akimfukuzisha kazi ndugu yangu asitegemee nyama." Niliumia kuliko angenitukana, maana Kulwa ni mtu wa watu, na kazi nilipewa kwa jina lake.

Nikajisemea, dawa ni kuiondoa steal. Nikaingia kwenye chat na dada wa support wa hosting, wale wanaotukodisha server, nikamwomba atuhamishie kwenye mashine nyingine isiyo na msongamano. Wakatuhamisha siku hiyo hiyo.

Asubuhi ripoti ikaja, steal 0. Mfumo unateleza kama mlenda. Nikakimbia kwa bosi na laptop, nimetabasamu mpaka masikioni.

Baba Pendo akaangalia, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, asante! Umeona? Nimemtoa Kulwa, wizi umeisha!"

Nilikwenda kumwokoa shemeji, nimemmaliza mwenyewe.

Nikarudi kwenye chat. Nikamwomba yule dada aturudishe kwenye mashine ya zamani, ile mbovu. Akaandika: "Kaka, naomba nielewe vizuri. Unataka tukurudishie tatizo?"

Nikajibu ndiyo. Tena kama mna lenye tatizo zaidi, naomba hilo.

Kesho yake, steal 27. Nikajua sasa kapona, maana Kulwa hajakanyaga plant na wizi umerudi. Nikampelekea bosi. Akaisoma polepole, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Yuko nyumbani na bado anaiba. Huyu mtu ana mtandao."

Ni kweli alikuwa nao, Wi-Fi yangu. Baba Pendo akasema asubuhi anampeleka polisi.

Jioni ile nikafika nyumbani nimechoka kabisa. Kulwa, kwa kuwa hana pa kwenda, siku nzima alikuwa ndani na subwoofer, TV na pasi, ananyoosha mashati ya kwenda kuombea kazi mgodi wa Mwadui. Nimekaa tu, giza. Umeme umeisha, na nilinunua asubuhi.

Nikatoka kwa hasira, nikagonga mlango wake. "Shemeji! Umeme nanunua mimi, unatumia wewe!"

Nikairudia hiyo sentensi yangu mwenyewe kwa sauti, mara mbili, pale pale mlangoni. Dotto akauliza ukuta kama mume wake amepatwa na kitu.

Asubuhi nilifika plant kabla ya bosi. Sikuja na laptop wala Kiingereza. Nikamwambia: "Baba Pendo, ile selva tumepanga. Chumba kimoja, nyumba ya watu wengi, LUKU moja. Sisi tunanunua umeme, jirani ana pasi."

Akavua kofia.

"Kumbe!" Halafu akawaka kweli kweli. "Anakaa wapi huyo mwenye pasi? Twende sasa hivi, gari lina mafuta!"

Kazi ikawa kumzuia asiende kumtafuta. Mwishowe akatoa amri tuhame, tutafute self, chumba kinachojitegemea chenye LUKU yake. Tukachukua server ya peke yetu. Kulwa akapigiwa simu na bosi mwenyewe, akaombwa radhi, akarudi kazini na shati limenyooka. Dotto akaacha kuongea na ukuta. Nyama ilirudi.

Nilichojifunza: ripoti ya bosi uitafsiri wewe mwenyewe kabla hujaituma, yote, mpaka mstari wa mwisho. Mimi nilitafsiri mmoja tu.

Maana juzi ripoti imekuja steal 0, safi, lakini Baba Pendo siku hizi anasoma kila kitu. Akaona idle 83, yaani muda ambao server imepumzika tu. Akamuuliza karani wa mizani idle ni nini. Karani, Mungu anamwona, akamwambia ni mtu asiye na kazi.

Bosi akaja mpaka kwenye kontena. "Bebe, kwenye hiyo selva si uko peke yako?"

Naandika haya mikono ina malengelenge. Nimepangiwa karasha, napakia mawe mpaka idle ishuke, na msimamizi wangu ni shemeji Kulwa, ambaye leo kanikata dakika za chai kwa sababu ya ile kelele ya umeme.

Mwenye namna ya kumweleza Baba Pendo neno idle aje hapa chini haraka. Tafadhali usitumie mfano wenye jirani ndani yake.