Mama Aliyenionyesha Kilimia

Nilitoka Mbeya nikiwa mwalimu mpya, nikapangiwa kufundisha elimu ya watu wazima katika kijiji cha Ujamaa karibu na Mwazye. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mama mmoja mjane, mkulima wa ulezi, ambaye kwa miezi mitatu alishindwa kuandika hata jina lake. Nilianza kumwona mzito wa kuelewa.

Jioni moja ya Novemba taa ilituishia mafuta. Nilipowaruhusu waende nyumbani, yule mama akaniita nje.

"Mwalimu, unakiona Kilimia?"

Alinyoosha kidole mashariki, juu ya kilima, palipokuwa na kishada kidogo cha nyota. Chuoni nilikichora kwenye mtihani nikafaulu, lakini sikuwahi kukitafuta angani.

"Nyota ngapi?" akauliza.

"Sita, mama."

"Tazama taratibu. Ziko saba. Kikionekana hivi jua likishazama, tunapanda ulezi."

Nilikodoa macho mpaka nikaipata ya saba. Akanionyesha nyota nyekundu inayokifuata, kisha akatusubirisha sote, mimi na wanafunzi waliokuwa hawajaondoka, mpaka zikachomoza tatu nyingine, moja juu ya mwenzake kama vidato vya ngazi. Alisema mapema zitatokea nyuma ya nyumba ipi, na zikatokea hapo hapo. Niliona haya kwanza, halafu nikafurahi sana.

Kipindi kilichofuata nilimpa chaki, nikaketi kwenye benchi lake. Alichora anga yote ubaoni, na darasa zima tukanakili.