Majina Yaliyopotea Saa ya Kula

Zahanati nzima ilimwita Kijana wa Kompyuta, ingawa alikuwa na miaka thelathini na minne na upara umeshaanza kumbishia hodi. Programu ya miadi ya wagonjwa aliiandika yeye, na hakuacha mtu asahau hilo.

Mapokezi alikaa mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyempigia Kijana debe hadi akapewa kazi. Sasa kila siku, watu wakirudi kutoka kula, majina aliyoyaingiza asubuhi hayapo.

"Mama, hubonyezi panapotakiwa," daktari mkuu alilalamika.

Kijana akamshika mama mdogo kidole, mbele ya wauguzi, akakipeleka kwenye kitufe cha kuhifadhi. Wauguzi wakacheka. Kijana naye, aibu hana, akacheka. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa ya wiki iliyofuata mama mdogo ahamie stoo ya mafaili.

Jumatatu, kwa kujihakikishia tu, Kijana akaipitia kazi yake. Alipokuwa akiijaribu programu, aliipa hifadhidata, yaani ghala la majina, inayoishi kwenye kumbukumbu ya seva peke yake, isiyoandika kitu kwenye diski. Hifadhidata ya namna hiyo hudumu maadamu kuna muunganisho hata mmoja ulio wazi kati yake na programu. Wa mwisho ukifungwa, kila kitu kinafutika. Naye, kwa kupenda usafi, alikuwa ameagiza muunganisho ukikaa nusu saa bila kazi ufungwe. Saa saba mchana zahanati yote huenda kula kwa saa nzima, programu haiguswi na mtu. Mpangilio wa majaribio aliusahau humo humo, mstari mmoja tu.

Aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Akaurekebisha mstari kwa dakika mbili, kisha akajikausha. Jumanne majina yakabaki. Jumatano yakabaki.

Alhamisi mama mdogo akamjia mbio, uso umechangamka. "Mwanangu, nimeshajua kubonyeza! Niombee basi kwa daktari, nisipelekwe stoo."

Kijana akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama mdogo, ulikuwa unabonyeza sawasawa tangu siku ya kwanza. Kosa ni langu. Naenda kumwambia daktari sasa hivi."

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

Mama mdogo akakunja na kukunjua ukingo wa kitenge chake.

"Jana kaja yule mjamzito ambaye jina lake lilipotea wiki iliyopita," akasema taratibu. "Nimemwomba radhi mpaka nikalia. Na leso ukanipa wewe."