Prosesa ya Kikokotoo Changu

Jamani, nimeumbuka. Natengeneza kikokotoo cha kuchora grafu kwa ajili ya wanafunzi wangu hapa Lushoto. Prosesa, yaani ubongo wake, nilishaichagua zamani, ile ya taratibu isiyomaliza betri. Lakini tangu Mwalimu Zaina, niliyeanza naye kazi hii, arudi kwao Lukozi, nikikiona kiti chake moyo unauma. Basi kila jioni nampigia kumuuliza eti nichague ipi, nipate tu kuisikia sauti yake.

Jana, kumbe alikuwa anachambua maharage, simu kaiweka spika. Nikauliza tena, kwa sauti laini: "Zaina, ya haraka au ya taratibu?"

Akajibu baba yake: "Ya haraka, mwanangu. Wewe mwenyewe wa taratibu mno. Mshenga unamtuma lini?"

Na hapo hata shikamoo nilikuwa sijampa.