Correspondants Nane wa Mwalimu Sévère

Mwalimu Sévère wa Mulongwe alikuwa mtu wa chaki na rula. Ukimkanyaga sokoni, yeye ndiye anayeomba radhi. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anakamatwaje kwa upelelezi? Mimi mpaka leo hasira yangu haijaisha.

Ilikuwa mwaka wa 1964, waasi wameshaushika mji wa Uvira. Asubuhi moja walipekua nyumba yake, wakaokota daftari la masomo. Komanda wao, Léopold, alijua Kifaransa kidogo, kile kidogo cha kuua watu. Aliona mistari miwili, wa tatu umeikata, namba moja mpaka nane, na chini yake: "Correspondants: 1 na 5, 2 na 6, 3 na 7, 4 na 8. Externes: 1, 2, 7, 8." Mwalimu akafungwa kamba na kupelekwa ofisini kwao. Askari wawili wakabaki nyumbani na mkewe, Generose.

"Weye uko unaandikiana na watu nane," Léopold alisema. "Wane wako inje, kule Burundi. Taja majina."

Neno alilolifundisha Sévère miaka kumi, leo linataka kumtoa roho!

"Komanda, hawa si watu. Ni pembe."

"Pembe za ng'ombe?"

Askari wakacheka. Sévère akaomba afunguliwe mikono, apewe rula, kalamu na karatasi. Akachora mistari miwili kwa kufuata kingo mbili za rula, akaikata kwa mstari wa tatu. Akachana pembe ya kwanza, akaiweka juu ya ile ya tano, ikakaa sawasawa. Ya pili ikakaa juu ya ya sita.

"Zinalingana," alisema. "Ndiyo maana vitabu vya Kifaransa vinaziita correspondants, neno lilelile la watu wanaoandikiana barua."

Léopold akamnyang'anya kalamu. Akachora mistari yake mwenyewe bila rula, akachana, akaweka. Pembe ikakataa.

"Umenidanganya," alisema, na bunduki ikainuliwa.

Kumwambia mwenye bunduki kwamba amekosea ni kaburi, na kunyamaza ni kaburi vilevile. Sévère akachagua la kusema.

"Komanda, mistari yako haiko sambamba. Pembe zinalingana tu kama mistari haitakutana hata ukiirefusha vipi. Hii yako itakutana."

Akaweka rula, akairefusha ile mistari ikatoka kwenye karatasi, ikaendelea juu ya meza ya watu, mpaka ikagusana karibu na ukingo. Léopold akapitisha kidole juu yake mpaka pale ilipogusana.

"Kumbe," alisema, kisha akaamuru mwalimu aachiliwe.

Sévère alirudi nyumbani akimshukuru Mungu njia nzima. Alimkuta Generose ameketi chini mlangoni, kichwa wazi. Hakuinuka kumpokea.

"Wamekuachilia," alisema. "Basi walisema kweli."

"Nani walisema kweli?"

"Wale askari. Walisema nikitaja mumoja tu wa wale nane unaandikianaka nao, utarudi. Minye sikujua hao nane ni nani. Nikamutaja Rémy."

Rémy alikuwa kaka yake Generose wa tumbo moja, karani wa posta.

"Si yeye ndiye anaandikaka barua?" Generose aliuliza. "Wamemuchukua saa sita. Bunduki nimeisikia."