Faudhia na mkataba uliosomwa kabla ya pilau

Saa mbili asubuhi, maji yamejaa, na boti ya kwanza kutoka Kiongoroni imeshafika Nyamisati. Faudhia Abdulazizi anafungua kufuli tatu za fremu yake, anavua ndala mlangoni na kuingia kukagua friza zake tano. Zimepangwa ukutani kama wajumbe wa kamati wanaosubiri posho. Anaweka kiganja juu ya kila mfuniko, kama muuguzi apimaye homa, ila kwake mgonjwa mzuri ni yule aliyepoa kabisa.

"Hii ya tatu ina kiburi," anasema. "Ukiijaza kupita kiasi inanuna mpaka kesho."

Nje, foleni imeshakuwa na watu saba na ugomvi mmoja mdogo. Wavuvi wanataka barafu kabla hawajarudi majini. Wanawake wachuuzi wa kamba wabichi wanataka nafasi ya kuhifadhi mzigo mpaka gari la mjini lifike. Faudhia anawahudumia wote kwa sauti ileile ya upole, na anayeruka foleni anarudishwa nyuma kwa upole huohuo.

Faudhia ana miaka thelathini na minane, watoto watatu, na biashara ambayo mtaji wake mkubwa ni baridi. Pande moja la barafu ni shilingi elfu moja. Kuhifadhi ndoo ya kamba kwa siku ni elfu mbili. Msimu ukikolea anaingiza hadi elfu sitini kwa siku, na umeme unakula karibu elfu ishirini kati ya hizo. Msimu ukilala, anasema, friza hula umeme kama wageni waliokuja kwa siku mbili wakakaa mwezi.

Lakini ukiuliza Nyamisati kwa nini Faudhia anajulikana, hakuna atakayekutajia barafu. Watakutajia pilau.

Habari yenyewe ilianzia mbali kidogo na maji, katika mji wa Ikwiriri, ambako Faudhia alikuwa na fremu ya kuuza juisi na maandazi karibu na kituo cha mabasi. Mwenye nyumba alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Alimwita baba, naye akimwita mwanangu, na kwa heshima hiyo Faudhia akalipa kodi ya mwaka mzima mkononi, bila karatasi.

"Mzee wa watu amekushika mkono, amekuombea dua, halafu wewe umwambie andika?" anasema. "Kwetu hiyo ni sawa na kumwita mwizi. Nikaona haya."

Haya hiyo ilimgharimu. Mwezi wa nne tangu alipe, alikuta mlango wake umefungwa kwa mnyororo usio wake. Yule mzee alikuwa amekopa fedha za kununulia ufuta, bei ya ufuta ikaporomoka, na waliomkopesha wakaja kukamata nyumba na kila kilichokuwamo. Ndani mlikuwa na friza, mashine ya kusagia matunda na viti ishirini na vinne, vyote vya Faudhia.

Aliambiwa alete risiti kuonyesha kwamba vitu ni vyake. Risiti anazo, akajibu. Ziko ndani ya droo. Droo iko ndani ya fremu. Fremu imefungwa kwa sababu hana risiti.

Anasimulia hayo leo huku akicheka mpaka anajifuta macho kwa upande wa kanga. Wakati ule hakucheka. Friza ilipigwa mnada akiangalia, na aliyeinunua alimwomba amweleze namna ya kuiwasha.

Ndipo akahamia Nyamisati na kutafuta mahali pa kuuzia barafu. Palikuwa na mahali pamoja tu pazuri, nyumba ya Mzee Gharibu, hatua chache kutoka boti zinapotia nanga, yenye umeme wa kutosha na baraza pana. Na Mzee Gharibu alikuwa na sifa mbili zinazofahamika kuanzia hapo mpaka Mafia. Ya kwanza, ni mtu mkarimu kuliko wote pwani hiyo. Ya pili, ukarimu huo huufanya kwa fedha za kukopa.

Anadaiwa na fundi wa mabati, na mwenye duka, na mwenye boti. Anadaiwa na mtu aliyemuuzia mbuzi wa akika ya kuzaliwa kwa mjukuu ambaye sasa yuko darasa la tano. Hamkimbii mdai yeyote. Akikutana naye humkaribisha chai, na chai hiyo huichukua kwa mkopo.

Safari hii Faudhia hakwenda na fedha, alikwenda na maswali. Alianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, Tamimu, akamuuliza kama nyumba ile imewekwa rehani. Tamimu alitazama juu, akatazama chini, kisha akakubali kwamba yeye mwenyewe alishuhudia. Ilikuwa imewekwa kwa taasisi moja ndogo ya mikopo mjini Kibiti.

Basi akapanda pikipiki hadi Kibiti na kuwaeleza watu wa taasisi kwamba anataka kupanga kwa mdaiwa wao. Walishangaa. Hawakuwahi kumwona mpangaji anayekuja kujitambulisha kabla hajapanga. Aliwaachia barua yenye orodha ya mali zake, nao wakaigonga muhuri, pamoja na nakala yake. Barua ikaingia kwenye faili. Faili likaingia kabatini, likapumzika.

Likabaki jambo gumu kuliko yote, kumwambia Mzee Gharibu asaini mkataba. Mzee ni mtu wa heshima zake. Kumpelekea karatasi barazani ni kumwaibisha, na Faudhia alijua kwamba angesema tu, "Mwanangu, baina yetu kuna haja ya hayo?" na yeye angeona haya tena, kama Ikwiriri.

Alikaa siku tatu akiwaza. Siku ya nne akatangaza dua.

Kufungua biashara kwa dua ni jambo la kawaida huku. Watu hualikwa, shehe husoma, ubani hufukizwa, kisha sinia za pilau hutoka na kila mtu huiombea biashara heri huku akitafuta kipande cha nyama. Faudhia alifuata utaratibu wote, ila aliingiza kitu kimoja katikati. Baada ya amin ya mwisho na kabla ya sinia ya kwanza, alisimama, akaomba radhi kwa wazee, akasema kuna karatasi fupi ya heshima kwa mwenye nyumba ingependeza isomwe mbele ya jamaa.

Haikuwa fupi. Ilikuwa na kurasa tatu.

"Hakuna aliyeondoka," anasema Mwanaidi, mchuuzi wa kamba kutoka Kiongoroni, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango wa jiko. "Utaondokaje na pilau inanukia? Tulikaa kimya tukasikiliza kama watoto wa madrasa."

Ilisomwa kwamba kodi ni elfu themanini kwa mwezi, italipwa mwezi kwa mwezi, si ya mwaka. Ilisomwa kwamba wanaomdai mwenye nyumba wakija na barua halali, mpangaji atawalipa wao kodi hiyo moja kwa moja, na mwenye nyumba atahesabu kuwa amelipwa yeye. Kisha ikasomwa orodha ya mali, kitu kimoja kimoja, na alama zake. Vitu kumi na vinne.

Mzee Gharibu hakukasirika hata kidogo. Alisikia jina lake likisomwa hadharani, Gharibu bin Shaabani, mwenye nyumba, akakaa wima kama anavalishwa nishani. Lawama yake ilikuwa moja tu. Babu yake hakutajwa. Akataka aandikwe Gharibu bin Shaabani bin Mtoro, na kwa kuwa karatasi ya heshima haisomwi nusunusu, isomwe tena tangu mwanzo.

Watu hamsini na kitu walitazama upande wa jiko. Ikasomwa tena tangu mwanzo.

Ndipo mzee akasaini, mashahidi wakasaini, Tamimu akatoa muhuri mfukoni mwa kanzu na kuugonga, na pilau ikaliwa kwa kasi ambayo bado inazungumzwa.

Mambo yakaenda vizuri miezi minane. Faudhia alianza na friza mbili, akaongeza ya tatu, ya nne na ya tano, na kila iliyoongezeka aliiandika kwenye orodha na kumpelekea Tamimu aigongee muhuri. Wanakijiji walitaka kujua kama kila friza itakuwa na dua yake. Aliwatuliza kwa bilauri ya sharubati kila mmoja, na orodha ikasomwa.

Kisha, Jumatano moja saa tano asubuhi, lori lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka dalali, kijana nadhifu aitwaye Ridhiwani, na wabebaji wanne na mnyororo mpya. Mzee Gharibu alikuwa amekwenda Mafia kumsalimia binti yake. Ridhiwani alisema ameagizwa na taasisi ya Kibiti kukamata mali ya mdaiwa iliyomo ndani ya nyumba ya mdaiwa, na akaanza kuandika. Friza moja. Friza mbili.

Ndani ya friza hizo mlikuwa na kilo tisini za kamba, na sitini kati yake zilikuwa za Mwanaidi, ambazo alikuwa ameweka mtaji wake wote wa mwezi. Umeme ukizimwa na mlango ukifungwa, kufikia kesho yake mchana kungebaki harufu tu.

Faudhia anasema aliiona Ikwiriri nzima ikirudi, na viti vyake ishirini na vinne. Lakini safari hii karatasi hazikuwa droani. Zilikuwa nyumbani kwake, ndani ya sanduku la nguo, na nakala nyingine kwa Tamimu. Alimtuma mtu kwa Tamimu, akakimbilia sanduku mwenyewe, akarudi anahema.

Ridhiwani aliusoma mkataba wote kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, karatasi inaandikika hata jana usiku. Mimi nitajuaje?"

Kabla Faudhia hajajibu, Mwanaidi alisogea kutoka kwenye foleni, ndoo mkononi. Hakuwa na karatasi yoyote. Akasema, akitazama dari kama mtu anayesoma aya, "Friza ya kwanza, nyeupe, mfuniko una mkwaruzo kama wayo wa kuku."

Dalali akageuka. Mkwaruzo ulikuwapo.

"Ya pili ina mguu mmoja wa tofali," akaongeza mvuvi mmoja nyuma yake.

Ulikuwapo. Na hapo foleni nzima ikashika. Watu waliosikilizishwa orodha mara mbili na njaa tumboni hawasahau. Walitaja mizani ya bluu yenye sindano iliyopinda. Walitaja meza iliyounguzwa na pasi. Walitaja friza ya tano na stika yake ya maua, ambayo waliijua kwa bilauri ya sharubati. Kila kilichotajwa, mbebaji mmoja alikikagua na kutikisa kichwa kukubali. Walipofika kwenye ndoo tatu, moja haina mpini, mbebaji aliinyanyua ile isiyo na mpini, akaionyesha kwa bosi wake, akashindwa kujizuia kucheka.

Tamimu alifika anakimbia, kofia mkononi, akakuta kazi yake imeshafanywa.

Ridhiwani alipiga simu Kibiti. Wakamwambia asubiri. Alisubiri robo saa akiwa amekalia kiti cha Faudhia, akinywa maji ya baridi ya Faudhia, mpaka faili likapatikana na barua ikaonekana ndani yake, na muhuri wao wenyewe juu. Akafunga daftari. Alifunga kwa mnyororo vyumba viwili vya nyuma, vya Mzee Gharibu mwenyewe, akaiacha fremu wazi. Kabla ya kuondoka alinunua kilo tatu za kamba kwa Mwanaidi, kwa bei ambayo Mwanaidi anakiri haikuwa ya kirafiki.

Mzee Gharibu aliporudi kutoka Mafia, walikaa pamoja na watu wa taasisi wakaelewana. Deni lilibaki milioni moja na laki tisa. Kodi ya Faudhia inakwenda huko kila mwezi, na mzee anaongeza kutoka kwenye mikorosho yake akivuna. Nyumba haikuuzwa, vyumba vya nyuma vikafunguliwa, na mzee sasa hueleza wageni kwamba yeye ni mtu wa kwanza katika ukoo wake kulipa deni akiwa amelala.

"Alikuwa na aibu wiki nzima," anasema Faudhia. "Nikamwambia, baba, mie sikuandika karatasi ile kwa sababu sikukuamini. Niliandika ili tuendelee kusalimiana."

Siku hizi wapangaji wengine wa Nyamisati humwendea na karatasi zao. Huwaambia anachojua. Uliza kwanza nyumba imewekwa rehani kwa nani. Usilipe mwaka mzima. Andika mali yako na alama zake, na ushahidi usiulaze mahali mali inapolala. Hatozi chochote kwa ushauri huo, na anayeanza kumsomea mkataba mrefu saa ya chakula hufukuzwa.

Mpango wake ni mkubwa zaidi. Ameshalipia kiwanja, hatua ishirini kwa kumi na tano, upande wa juu ambako maji hayafiki. Anataka kujenga fremu tatu, moja ya barafu yake na mbili za kupangisha. Matofali mia nne yako tayari.

Mwanaidi ndiye wa kwanza kuomba kupanga. Alikwenda kukiona kiwanja, akakizunguka, akayahesabu matofali, kisha akamsimamisha Faudhia katikati ya uwanja na kumuuliza bila haya wala tabasamu, "Shoga, wewe unadaiwa na nani?"

Faudhia anasema hajawahi kuulizwa swali lililomfurahisha kama hilo. Alifikiri kwa uaminifu, akakumbuka kwamba anadaiwa elfu kumi na tano na fundi wa friza. Fundi alilipwa jioni ileile, na Mwanaidi alikuwapo kuona.