Ndege Ambaye Kapata Nzima Ilikataa Kumwita Mwewe

Sisi tuliokulia Kapata, mtaa wa Kolwezi, wakati nyumba za kampuni ya shaba zilikuwa bado na rangi moja, tukikutana leo hatuanzi kwa kuulizana habari za kazi. Tunaanza na harufu. Mmoja anataja mvua ya kwanza juu ya vumbi jekundu, mwingine ndagala, wale samaki wadogo, zilizoanikwa juu ya bati, mwingine makaa yaliyoshushwa kwenye treni ya Mutshatsha. Wasichana tuliruka elastiki mpaka soksi nyeupe zikageuka rangi ya matofali. Wavulana walitengeneza motoka za waya zenye taa na usukani mrefu, motoka bora kuliko za baba zetu, maana zile za wavulana zilikuwa zinatembea. Jioni mama akikuita na ukachelewa kuitika, jirani yeyote alikuwa na ruhusa ya kukupiga kofi, kisha anakusindikiza kwenu ukamaliziwe. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanauliza kama polisi walikuwepo.

Tukishamaliza harufu na makofi, lazima mtu mmoja amtaje faucon, ndege wa kuwinda. Hapo wageni walioko mezani huacha kula.

Tata Ramazani alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Watu wake walitoka Maniema, Waislamu, wachukuzi wa mizigo tangu kwa babu yao. Alikuwa na kamiyo moja ya kubeba mihogo na makaa. Sisi tulikuwa Wakatoliki wa kaskazini mwa Katanga, na baba yangu alikuwa karani. Mke wa Tata Ramazani, Mama Zaina, na mama yangu walikuwa wakipitishiana sahani juu ya ukuta. Idi ikifika, pilau ilikuja kwetu; Noeli ikifika, kuku walikwenda kwao, na Tata Ramazani ndiye aliyekuja kuwachinja ili watu wote wale bila wasiwasi.

Mama Zaina alifariki ghafla, msimu wa baridi. Baada ya kilio Tata Ramazani aliingia ndani, akafunga mlango, akanyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu hasemi. Kamiyo ilikaa uani, majani yakaota hadi kwenye magurudumu, kuku wetu wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Mama alimpelekea bukari, ugali wetu, kila mchana, na kila mchana sahani ilirudi imeguswa upande mmoja. Ndugu zake walikaa kikao, wakaamua asafiri. Walimtuma Dubai akanunue injini ya kamiyo, wakiamini kwamba mwanaume akiona injini mpya atakumbuka kuishi.

Alirudi na glavu. Nasema glavu, moja, si jozi. Ilikuwa ya ngozi nene, ya mkono wa kushoto, ndefu mpaka karibu na kiwiko. Mfukoni alikuwa na kofia ndogo ya ngozi inayolitosha yai. Injini hakuleta, wala hakueleza.

Ila alisema. Alikaa barazani kwetu, na kwa mara ya kwanza tangu kilio tulisikia sauti yake ikitoka kwa zaidi ya maneno mawili. Mwarabu mmoja muuza vipuri alikuwa amempeleka jangwani kuona watu wakiwinda kwa faucon. Ndege anakaa juu ya ngumi ya bwana wake, amevikwa kofia machoni ili atulie. Unamvua kofia, unamwachia, anapanda mpaka anakuwa kama nukta, halafu anashuka juu ya windo kama jiwe, na baada ya hapo anarudi mkononi kwa hiari yake. Huko, alisema, faucon wana hospitali yao na paspoti yao, na wanapanda avion kama abiria, wamekaa kitini. Baba yangu, ambaye hakuwa na paspoti, aliitika tu kwa kichwa.

"Mi pia nitatafuta yangu," Tata Ramazani alisema.

Akamwagiza mfanyabiashara mmoja wa makaa kutoka Mutshatsha amtafutie faucon wa pori. Baada ya majuma kadhaa yule bwana akashuka kwenye treni na kikapu, akaapa kwamba huyo ni faucon kamili. Mtaa mzima ulijaa uani kwa Tata Ramazani kuangalia. Alivaa glavu, akaingiza mkono, akamtoa ndege.

Alikuwa mwewe.

Nielewe vizuri, msomaji. Sisemi alifanana na mwewe. Alikuwa mwewe, wa rangi ya kahawia, mdomo wa njano, mkia umegawanyika mwishoni kama mkasi, yule yule anayekuja kila mwaka watu wakianza kuchoma nyasi, anayeiba vifaranga na vichwa vya samaki sokoni. Mtoto wa miaka mitatu wa Kapata alimjua mwewe kabla ya kumjua shangazi yake. Mama yangu alimchukia kuliko Shetani, maana Shetani hakuwahi kuchukua kuku wake.

Nilimwona mama akifungua mdomo. Kisha akamtazama Tata Ramazani, ambaye alikuwa amesimama wima na mkono mbele, amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Iko ndeke ya heshima, tata," alisema.

Basi, ndivyo uongo ulivyoanza. Kesho yake akina mama walikutana kwenye bomba la maji, na mama yangu ndiye aliyeongoza. Walikubaliana kwamba neno mwewe limekufa. Mtoto atakayelitamka atalala bila kula. Kuku atakayechukuliwa, mwenye kuku atasema alipotea. Baba zetu walipelekewa uamuzi huo jioni, pamoja na chakula. Mwalimu wetu wa darasa la nne naye alikubali: tulipofika somo la ndege wa nchi yetu, alipita kutoka korongo moja kwa moja hadi njiwa, na Tshibanda, aliyenyoosha kidole kuuliza kwa nini, alitolewa nje akamwagilie maua. Mwewe wengine wakipita juu ya uwanja wa shule tulikuwa tunaonyeshana na kusema, tazama, faucon wengi.

Tata Ramazani alifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Faucon lazima azoee watu, kwa hiyo alitembea naye mkononi kila mahali: sokoni, kwa kinyozi, kwenye harusi, kwenye kilio. Alimfunga kamba za ngozi miguuni na kengele ya mbuzi. Faucon lazima apimwe uzito kila asubuhi, kwa sababu akishiba sana harudi, kwa hiyo alimpeleka kwenye mizani ya mama mmoja muuza ndagala. Mwewe alisimama juu ya mizani, akala ndagala zote alizozifikia, na uzito wake ukapanda mbele ya macho yetu. Muuza ndagala alisema mizani yake ni mbovu.

Alimfundisha pia kuja kwa filimbi. Anapiga filimbi, anainua ngumi yenye kipande cha nyama, ndege anakuja. Na kweli alikuja, sitamnyima haki yake. Tatizo ni kwamba alikuja kwa filimbi yoyote. Jumapili moja timu yetu ilikuwa ikicheza na vijana wa mjini, mchezo mkali, na arbitri akapiga filimbi ya penalti dhidi yetu, akainua mkono. Faucon alishuka kutoka juu ya paa la kanisa, akamkalia mkononi, akasubiri nyama. Arbitri aliganda pale pale kama sanamu. Timu ya mjini ilidai penalti yake; wazee wetu walijibu kwa utulivu kwamba mambo ya faucon yana utaratibu wake, na ndege akiwa mkononi mchezo hauendelei. Tulitoka sare.

Hatimaye siku ya kuwinda ilifika. Kapata nzima ilitoka, na nguo za Jumapili, mpaka kwenye nyasi zilizo upande wa Kingamyambo, pale unapouona mlima wa mchanga wa kijivu uliobaki baada ya watu kutoa shaba. Katekista alikuja, na imamu alikuja. Njiani walijadiliana kama kanga aliyeuawa na faucon wa Mwislamu mbele ya Wakristo anaweza kuliwa na wote, wakakubaliana kwamba watamwona kanga kwanza. Mama alibeba beseni la vitumbula alivyokaanga alfajiri, maana watu hawawezi kuangalia uwindaji na njaa.

Wavulana walipita kwenye nyasi wakipiga makopo. Kanga waliruka, kundi zima, na kelele zao. Tata Ramazani akamvua ndege ile kofia ndogo, akainua ngumi. Mwewe akapanda. Alipanda vizuri sana, akizunguka na kengele yake, juu, juu, mpaka ikabidi tukinge jua kwa mikono. Mimi mwenyewe, niliyejua kila kitu, niliamini. Kanga walikuwa chini yake kabisa.

Alishuka kama jiwe, sawasawa na maelezo ya Dubai, akapita katikati ya kanga bila kuwatazama, na akachukua kitumbula mkononi mwa mama yangu.

Ndege alikaa juu ya kichuguu akala. Tata Ramazani alisimama na ngumi bado hewani, na uso wake ulianza kurudi kule ulikokuwa wakati wa mlango uliofungwa. Niliona hivyo, na nilimwona mama naye akiona. Baba yangu, mtu ambaye maisha yake yote hakuandika wala kusema jambo lisilo sahihi, alipiga hatua moja mbele, akavua kofia yake.

"Ishakamata," alisema.

Katekista akasema ndiyo, amekamata. Imamu akakiangalia kitumbula kwa makini, akasema hicho hakihitaji kuchinjwa. Watu wakapiga makofi, kwanza wachache, halafu wote, akina mama wakapiga vigelegele. Tata Ramazani alitutazama mmoja mmoja. Mabega yake yakaanza kutikisika, tukadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na glavu yake, na sisi tukala vitumbula vilivyobaki tukimzunguka.

Mvua zikikaribia kuisha, mwewe wote huondoka. Huyu naye akawa hatulii, anaangalia kaskazini. Asubuhi moja Tata Ramazani alikuja uani kwetu naye mkononi, akamwomba mama mkasi. Alikata zile kamba, akafungua kengele. Ndege alikaa kidogo juu ya ngumi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha akaenda. Tulimtazama mpaka hakuonekana.

Tata Ramazani akavua glavu. "Ule mwewe alikuwa muzuri," alisema.

Mama, aliyekuwa akipepeta unga, alisimama. Neno lenyewe lilikuwa halijasikika Kapata kwa miezi. Akauliza taratibu tangu lini alijua.

"Toka siku ya kwanza, Mama Ngoie. Mi niko na macho."

"Basi kuku zangu zilikufa bure."

"Hazikufa bure." Aligeuzageuza glavu mikononi. "Kila asubuhi nilikuwa naamuka, ninatoka mu nyumba juu ya kusikia uongo gani mutanisemea leo. Bila ile, sikukuwa na sababu ya kutoka."

Mama aliweka ungo chini, akaingia jikoni, akatoka na sahani. Akampa kula, na safari hii sahani ilirudi tupu. Juma lile ndugu zake walileta injini ya mtumba kutoka Lubumbashi, kuku wetu wakafukuzwa kwenye kiti cha dereva, na kamiyo ikaanza tena safari za Mutshatsha.

Mwaka jana nilikuwa Kapata kumsalimia mama, ambaye sasa ni mzee na bado anafuga kuku. Nyumba zimepakwa kila moja rangi yake, na kuta zimeinuliwa hadi sahani haiwezi kupita. Mtoto wa kaka yangu alimwona mwewe juu ya nguzo ya umeme, akatoa telefone, akampiga picha, na kabla sijamaliza kusema tazama, alinitajia jina lake kwa Kifaransa na kwa Kilatini, urefu wa mabawa, na nchi anazopitia. Kila kitu kilikuwa kweli. Jirani wa pili alikuwa amefiwa na mume mwezi mmoja kabla. Nilipouliza anaendeleaje, kijana akaniambia watu wote walimtumia ujumbe wa pole, hata yeye alituma, wenye picha ya mshumaa.

Nilimsifu kwa akili yake, na anastahili. Ila nimekaa nikijiuliza kama leo kuna mtaa mmoja katika Kolwezi yote, na wasomi wake na telefone zake, unaoweza kumdanganya mtu mmoja kwa miezi, watu wote pamoja, watoto kwa wazee, bila hata mmoja kuteleza ulimi.